Siku mbili katika jangwa la Sharqiya: tulale wapi na tununue kwa nani?

Mwalimu_Ruwi aliuliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwa nyote. Mimi ni mwalimu kutoka Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa pili hapa Maskati. Mwishoni mwa Januari, mimi na walimu wenzangu watatu tunataka kulala usiku mmoja kwenye mchanga wa Sharqiya, ule ambao watu wengi bado wanauita Rimal al-Wahiba kwa jina la kabila la wafugaji wanaoishi humo. Tutaondoka Ijumaa alfajiri na kurudi Jumamosi jioni, kwa gari letu wenyewe.

Ninauliza kwa sababu safari yangu ya kwanza huko iliniacha na fadhaa. Kampuni iliyotupeleka, ambayo sitaitaja, ilitufikisha kwenye kambi yenye jenereta lililonguruma hadi usiku wa manane, na asubuhi nilipozunguka nyuma ya jiko niliona shimo la chupa za plastiki lililofukiwa nusu, mbuzi wawili wakipekua ndani yake. Magari yapatayo kumi yalikuwa yakipanda na kushuka tuta moja kwa zamu, ili abiria wapige mayowe. Kabla ya kuondoka niliuziwa mkoba nilioambiwa kuwa umefumwa na mama wa Kibedui, lakini nilipofika nyumbani na kuugeuza nikakuta ndani yake kitambaa chenye jina la kiwanda cha nchi nyingine kabisa. Fedha yenyewe haikuwa nyingi. Kilichoniuma ni kwamba hatua chache kutoka duka lile palikuwa na mama ameketi chini, anafuma kweli, nami nilimpita bila hata kumsalimia.

Safari hii ningependa kufanya vizuri zaidi. Je, ipo namna ya kuitambua kambi inayojali mazingira kabla ya kulipa, mbali na kusoma sifa inazojipa yenyewe kwenye tovuti yake? Je, ninaweza kununua kazi ya mikono kwa yule aliyeifanya, na kuna bidhaa yoyote ya huko yenye nembo ya biashara ya haki, kama ile tunayoiona kwenye pakiti za kahawa? Na njiani, kati ya Maskati na Bidiya, mji ulio ukingoni mwa mchanga, ni wapi panapofaa kusimama ili fedha yetu ibaki kwa wenye mji?

Mjukuu_wa_Ibra alijibu:

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Mimi nilizaliwa Ng'ambo, Unguja, lakini babu yangu alizaliwa Ibra, kwa hiyo barabara unayoiulizia ni ya kwetu. Miji ya Ibra na Al-Mudhayrib ilitoa familia nyingi zilizohamia Zanzibar na Mrima katika karne ya 19. Baadhi ya vizazi vyao vilirudi baada ya mapinduzi ya 1964, na wengine wengi wakaja baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Usishangae, basi, ukimsalimia mzee kwa Kiarabu cha kubabaisha naye akakujibu, "Karibu, mwanangu, umetoka bara gani?" Ukisimama Ibra, tembea kwa miguu katika mtaa wa kale wa Al-Munisifeh, ambako kuna nyumba ndefu za udongo na mawe zenye milango ya kuchongwa ambayo Mombasa au Mji Mkongwe usingeishangaa. Kutembea humo hakuna gharama, na haluwa na tende za kupeleka jangwani mtazipata katika maduka ya mji huohuo.

Sasa nije kwenye mchanga wenyewe, kwa maana nadhani kosa la kambi uliyoielezea linaanzia kwenye dhana kwamba jangwa ni mahali patupu. Eneo lile lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 12,500. Mwaka 1986, Royal Geographical Society ya Uingereza ilipeleka watafiti ambao waliorodhesha aina zipatazo 150 za mimea, viumbe wasio na uti wa mgongo wapatao 16,000, na aina zipatazo 200 za wanyama wengine, wakiwamo ndege. Vingi kati ya viumbe hivyo vinaishi kwa kiasi kikubwa kwa umande na ukungu unaotoka Bahari ya Arabuni usiku, wala si kwa mvua, ambayo inaweza kukosekana kwa muda mrefu. Pembezoni mwa matuta utaona misitu ya miti ya ghaf, ambayo mizizi yake huteremka makumi ya mita kufuata maji, na ambayo majani na maganda yake huliwa na mbuzi na ngamia. Wakenya watacheka nikisema kwamba mti huu ni ndugu wa mbali wa ule mathenge unaowasumbua wafugaji wa Baringo na Tana River, lakini tabia zao ni mbingu na ardhi: mathenge ni mgeni aliyevamia, ilhali ghaf ni mwenyeji aliyekaa humo kabla yetu sote, na Wabedui huweka makazi yao chini ya kivuli chake.

Kuhusu kambi, mimi huwa napiga simu na kuuliza mambo machache tu. Kwanza huuliza maji yanatoka wapi, kwa sababu karibu yote huletwa kwa lori, na mwenye kambi anayelipia kila lori anajua hasa wageni wake wanatumia kiasi gani. Asipojua, mjue hapimi. Kambi yenye bwawa la kuogelea katikati ya matuta haiwezi kunishawishi, hata ikichora majani ya kijani kwenye kibao chake. Kisha huuliza umeme: wengine wana paneli za jua na betri, wengine wana jenereta wanalolizima saa nne, na wengine, hasa kambi ndogo za familia, hawana umeme kabisa, bali taa za mafuta au za betri, nami hizo ndizo ninazozipenda, kwa sababu nyota za pale hazihitaji msaada. Huuliza pia taka zinapelekwa wapi. Jibu ninalolitaka ni jina la mji, kwa mfano "tunazirudisha Al-Mintarib kila asubuhi". Nikijibiwa "usijali, zinashughulikiwa," huanza kujali.

La mwisho ndilo zito kuliko yote, nalo ni kambi ni ya nani na wanaofanya kazi ndani yake ni nani. Katika kambi kubwa, mara nyingi mtaji umetoka Maskati, wafanyakazi wametoka Asia, na Mbedui anaonekana saa moja tu jioni akiwa ameshika kamba ya ngamia kwa ajili ya picha. Simaanishi kwamba wafanyakazi wale hawastahili riziki. Nao ni wageni wa nchi hii kama wewe, na ni haki kuuliza kama wanapata mapumziko yao. Lakini kama nia yako ni kwamba fedha ibaki kwa wenye mchanga, tafuta kambi ya familia ya palepale Bidiya au Al-Wasil, ambayo baba anaendesha gari, kijana wake anatunza ngamia, na chakula kinatoka kwenye chungu cha nyumbani. Choo kitakuwa cha kawaida na mandhari hayatakuwa ya hoteli, na huenda mtoto wa mwenye nyumba akalala mapema kuliko mnavyotaka, mkalazimika kushusha sauti.

Jumamosi, mkirudi, mnaweza kupinda kwenda Wadi Bani Khalid kuona mabwawa ya maji yasiyokauka. Nendeni mapema, kwa sababu siku za mapumziko panajaa. Maji yale huteremka kwenye mashamba ya mitende ya vijiji vilivyo chini, kwa hiyo msioge kwa sabuni wala kuosha vyombo humo, na mtu akitaka kuogelea aingie na nguo za heshima, zinazofunika mabega na magoti.

Dereva_wa_Tanga alijibu:

Mzee Mjukuu amesema vizuri. Mimi nimewaendesha wageni katika mchanga ule kwa misimu sita, na naomba niseme habari za gari, kwa sababu mtu anaweza kulala kwenye hema lisilo na umeme, akanunua kila kitu kwa mfumaji, kisha akaharibu kwa magurudumu yake zaidi ya alichokijenga kwa mfuko wake.

Mimea midogo unayoiona kati ya matuta, ambayo machoni pa mgeni ni kama majani makavu yasiyo na maana, ndiyo inayoushika mchanga usitembee, na chini yake kuna mashimo ya mijusi, panya wa jangwani na mbawakawa. Gari likipita juu yake mara moja mmea unaweza kupona. Likifuatwa na mengine tisa, mmea haupo tena. Kwa sababu hiyo, pitieni njia zilizokwisha kukanyagwa, na mkilazimika kutoka, kanyageni mchanga mtupu. Mkifika Al-Mintarib simameni kwenye karakana, mpunguze upepo wa matairi hadi karibu nusu ya kiwango cha barabarani. Watu wengi hudhani kazi ya kupunguza upepo ni kuzuia gari lisikwame tu, lakini tairi pana lisilo gumu pia halichimbi sana, na dereva hana haja ya kukanyaga mafuta kwa hasira hadi mchanga uruke. Kama hamna pampu ya kurudishia upepo, msiingie bila mwenyeji, na hata mkiwa nayo, kama hakuna miongoni mwenu aliyewahi kuendesha kwenye matuta, mkodisheni kijana wa pale awaongoze kwa gari lake. Hiyo nayo ni fedha inayokwenda moja kwa moja mfukoni mwa mtu wa Bidiya, tena kwa kazi anayoijua kuliko mtu mwingine yeyote, na ninaihesabu kuwa ni ya haki kuliko mapambo mengi yanayouzwa madukani.

Kuhusu mchezo wa magari kupanda na kushuka matuta, mimi nimeufanya, kwa sababu niliajiriwa kuufanya, na sitajitia utakatifu. Nitasema tu kwamba mgeni akiniomba tuzime gari juu ya tuta nusu saa kabla ya magharibi na tukae kimya, huwa ninafurahi, na sijawahi kumwona aliyejuta.

Kuni ni jambo jingine. Sheria ya nchi inakataza kukata miti ya porini, lakini usiku ukiwa na baridi, na Januari baridi ile huingia mifupani, wapo wanaovunja matawi ya ghaf na kujitetea kwamba yalikuwa makavu. Tawi kavu la ghaf nalo lina wakaaji. Nunueni mkaa au kuni mjini kabla ya kuingia, washeni moto mdogo mahali palipokwisha kuwashwa moto, na majivu yakipoa myachukue.

Sasa plastiki, ambayo ndiyo inayonikasirisha hasa. Omani ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kutumika mara moja tangu mwaka 2021, lakini chupa za maji na karatasi za biskuti bado zipo, na upepo wa jangwani hauna adabu. Ngamia hawezi kutofautisha mfuko na jani. Huko Dubai, daktari wa mifugo Ulrich Wernery na wenzake walieleza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, kwamba kati ya ngamia 30,000 waliokufa na kuchunguzwa, wapatao 300 walikutwa na bonge la plastiki tumboni, mabonge mengine yakiwa na uzito wa makumi ya kilo. Mnyama huhisi ameshiba na hufa kwa njaa. Bebeni maji kwenye madumu makubwa ya kurudishwa badala ya katoni za chupa ndogo. Watu wanne kwa siku mbili wanatoshwa na madumu mawili ya lita ishirini, na bado yatabaki ya kunawa.

Karani_wa_Kagera alijibu:

Nimesoma kwa makini, na ninaona swali la nembo limebaki pembeni. Naomba kulijibu kwa sababu nilikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa nyumbani Bukoba kabla ya kuja Ghuba.

Mwalimu, nembo unayoiona kwenye kahawa haimaanishi kwamba kuna mtu aliyekwenda kumtazama kila mkulima usoni. Inamaanisha kwamba kuna chama kilichosajiliwa na kukaguliwa, kwamba kuna bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kuteremka chini yake hata soko la dunia likianguka, na kwamba juu ya bei hiyo kuna malipo ya ziada ambayo wanachama wenyewe huamua kwa kura yatengeneze nini: darasa, barabara ya kijijini, au mashine ya kukoboa. Vyama vikuu vya Kagera na Kilimanjaro vimeuza kahawa kwa utaratibu huo kwa miaka mingi, nami nimeshika daftari lake mkononi. Unafaa, lakini unahitaji chama, mkaguzi, na ada. Kwa kazi za mikono, nembo hiyo ya bidhaa kwa kawaida haipo. Kilichopo ni World Fair Trade Organization, shirikisho lililoanzishwa mwaka 1989, ambalo huthibitisha taasisi nzima kwa kanuni kumi, zikiwamo malipo ya haki, kutotumikisha watoto, usawa kati ya wanawake na wanaume, na kuyaheshimu mazingira. Mama anayefuma peke yake chini ya mti wa ghaf hawezi kuwa na nembo yoyote kati ya hizo, na kukosa nembo hakumpunguzii kitu.

Kwa hiyo, ukikuta mkanda au begi huko Bidiya limebandikwa karatasi iliyoandikwa "biashara ya haki", usiliamini kwa sababu ya karatasi. Uliza aliyefuma ni nani, anakaa wapi, na alilipwa lini: alipoiacha kazi yake dukani, au atalipwa itakapouzwa? Swali hilo la mwisho ndilo linalofichua mengi. Mwenye duka anayelipa papo hapo amebeba hasara ya kutouza. Anayelipa baada ya kuuza amembebesha mfumaji hasara hiyo. Omani iliwahi kuunda mamlaka maalumu ya kazi za ufundi mwaka 2003, na kazi zake baadaye zikaunganishwa na mamlaka ya biashara ndogo na za kati, kwa hiyo wapo mafundi waliosajiliwa na kupewa mafunzo. Muulize muuzaji kama fundi wake ni mmoja wao. Si kipimo kamili, lakini ni bora kuliko karatasi.

Kwa heshima, ninatofautiana kidogo na wale wanaosema kwamba ukifika kwa mfumaji ulipe chochote anachotaja na usipatane kamwe. Mama yangu aliuza ndizi na mihogo sokoni Kashai, na mteja aliyelipa bila kupatana alimwona kama mtu anayemhurumia au asiyejua thamani ya kitu. Kupatana ni mazungumzo. Ubaya ni kupatana kwa kutumia njaa ya mwenzako, kwa mfano kungoja hadi jioni, wageni wote wakiwa wamekwisha kuondoka, ndipo umpe nusu ya bei.

Mwalimu_Ruwi aliandika tena:

Ninawashukuru sana. Tumekwisha kubadilisha mpango: tumepiga simu kambi tatu, mbili hazikujua kusema taka zao zinakwenda wapi, na ya tatu, ya familia moja ya Al-Wasil, ilituambia kwamba tuje na taka zetu mikononi tutakapoondoka, kwa sababu hawana lori la kila siku. Jibu hilo lilitufurahisha kuliko sifa zote tulizozisoma, na tumeweka nafasi huko.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Nimesikia kwamba Ibra kuna soko la wanawake siku ya Jumatano. Je, inafaa niombe ruhusa kazini ili tuanze safari siku hiyo, ikiwa mmoja wetu ni mwanamume? La pili, nikifika kwa mama anayefuma, nitajuaje kwamba kitu ninachoonyeshwa kimetoka mikononi mwake, bila kumkalia kama mkaguzi?

Bi_wa_Sur alijibu:

Mwanangu Mwalimu, mimi nilizaliwa Wete, Pemba, nikaolewa Sur, na hadi leo ninasuka ukili, ingawa hapa tunatumia majani ya mtende badala ya ukindu wetu. Wifi yangu yuko Bidiya na hufuma sufu, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona nikiwa nimeketi naye.

Soko la Jumatano la Ibra ni la wanawake kwa wanawake: wauzaji ni wanawake, wanunuzi ni wanawake, na mwanamume hatakiwi kuingia. Huuzwa vitambaa, udi na ubani, vipodozi, mapambo ya nguo na vitu vya nyumbani, na huanza asubuhi na mapema na kumalizika kabla ya adhuhuri. Kwa siku mbili zenu na mwenzenu mwanamume, sioni sababu ya kuomba ruhusa. Njoo siku ya likizo ya shule, uje na dada zako, ukae humo asubuhi nzima. Kama mnaweza kuondoka Alhamisi alfajiri, afadhali mpitie Sinaw, upande wa magharibi wa mchanga, ambako soko la mifugo la Alhamisi huwakusanya Wabedui wa pande zote, na akina mama waliovaa barakoa zao huuza na kununua mbuzi kwa sauti kubwa kuliko waume zao. Huko mwenzenu ataruhusiwa.

Kuhusu kazi ya kufumwa, kwanza angalia kitanda cha mfumi, yaani kile kifaa cha kufumia, kwa sababu cha Kibedui hakina miguu. Nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, hutandazwa chini na kufungwa kwenye vigingi vilivyopigiliwa mchangani, mama huketi mbele yake, mshindio, yaani uzi wa kukatiza, hupitishwa kwa mkono, na wengi bado huukaza kwa pembe ya swala. Kwa namna hiyo mtande ndio unaoonekana na mshindio hujificha, na ndiyo sababu kazi hutoka kama mkanda mwembamba mrefu. Kitu kipana huwa kimeunganishwa kwa kushonwa mikanda miwili au mitatu ubavu kwa ubavu. Ukionyeshwa begi pana lisilo na mshono wowote, uliza. Geuza upande wa nyuma, utaona nyuzi za rangi zilizoachwa zikipita nyuma ya ua, na ukingo hautanyooka kama rula. Nusa: sufu ya kondoo na singa za mbuzi zina harufu ambayo haifichiki. Lakini usidharau nyuzi za dukani. Wafumaji wengi wa leo hutumia nyuzi za kiwandani kwa sababu ya rangi na bei, na kazi bado ni ya mikono yao. Mwambie tu akueleze ipi ni ipi, na bei zitofautiane.

Usimpige picha kabla ya kuomba, na akikataa usirudie kuomba kupitia kwa mtoto wake. Kaa kwanza. Utaletewa kahawa yenye iliki na tende. Kunywa angalau kikombe kimoja, na ukitosheka kitikise kidogo unapokirudisha, wataelewa. Muulize amejifunza kwa nani, nawe mwambie mama yako huko Mombasa anashona au anasuka nini. Ukifika hapo, swali lako la kumjua mfumaji litakuwa limekwisha kujibika, kwa sababu asiyefuma hawezi kukuonyesha alipokosea, na anayefuma hawezi kujizuia kukuonyesha. Wifi yangu ana mkanda mmoja ambao aliruka nyuzi mbili siku mwanawe alipougua, na humwonyesha kila mgeni.

Karani amesema kweli kuhusu kupatana, nami nitamwongezea kidogo. Wifi yangu hachukii mtu anayeomba apunguziwe. Anachokichukia ni mgeni anayetoa noti kubwa, akachukua kishikio cha funguo kilicho kidogo kuliko vyote, kisha akasema "baki na chenji" kwa sura ya msiba. Yeye ana mkanda wa shingo ya ngamia aliouhangaikia wiki nzima, umetundikwa palepale ukutani, na anataka mtu auangalie. Kama uwezo upo, changeni wanne mnunue kitu kimoja kikubwa badala ya vishikio vinne, mkagawane baadaye nani atakaa nacho.

Mkifika, simamisheni gari mbali kidogo na nyumba, upande ule ambao upepo hautapeleka vumbi lenu kwenye kahawa yake.